Sauti ya Baba Atupele Kwenye Spika

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, na leo naitoa mkiniahidi hamtacheka kabla sijamaliza, maana siku ile mwenzenu nilishajiona nachomwa moto.

Kazi yangu mnaijua, nazunguka vijijini huku Mbozi nikiwahoji waliofiwa na wanaouguza ndugu zao nyumbani, ili ijulikane wasaidiweje. Kule Hasamba nilimhoji Mama Atupele, aliyekuwa akimuuguza mumewe, na mume mwenyewe akawa anadakia kutoka kitandani, nikamrekodi naye kwa simu yangu. Alipofariki nikaona si uungwana kutokwenda msibani (kiherehere tu).

Mazishi yalifanyika, na kesho yake mchana tuko chini ya turubai, simu iliyokuwa ikipiga kwaya kwenye spika ikaisha chaji. Nikasema, "Unganisheni yangu, ina kwaya nyingi." Nani aliniuliza?

Kwaya ikaimba vizuri, wimbo ukaisha, simu ikajiendea yenyewe kwenye sauti iliyofuata, na spika ikakohoa. Kikohozi kile kila mtu pale alikijua. Kisha marehemu akasema taratibu, uwanja mzima ukisikia: "Mimi sijambo. Huyu mke wangu ndiye mgonjwa. Muulizeni alilala lini."

Viti vya plastiki viliruka, watu wakakimbilia kwenye mibuni, sufuria la maharage likapinduka, na mimi nilipoinua mguu nikimbie nao (nikimbie simu yangu mwenyewe!) mkono ukanikaba shingoni. Alikuwa kaka wa marehemu.

"Umemficha wapi mdogo wangu?"

"Nilimrekodi tu, kaka, ni simu."

"Huyu kamchukua msukule," mtu akasema nyuma yangu. "Basi jana tumezika gogo la mgomba."

Vijana wakaanza kutafuta majembe wakafukue kaburi. Mwingine akauliza nani alinikaribisha katika nyumba ile, na macho yote yakamgeukia Mama Atupele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mimi wakiniachia naweza kukimbia hadi Vwawa, lakini yeye angekimbilia wapi? Katika yote niliyosomea kuhusu kufariji wafiwa halikunijia hata neno moja.

Mama Atupele hakuwa ameinuka kwenye mkeka. Akasema, "Shemeji, irudisheni, msikilize mpaka mwisho."

Ikarudishwa. Baada ya maneno ya marehemu ikasikika sauti yake yeye mama, ikimwambia mumewe anywe uji usije ukapoa.

"Hiyo ni siku tuliyoanza kuchuma kahawa," akasema. "Alikuwa humo ndani, kitandani kwake. Wewe hukuwepo."

Mkono ukalegea shingoni mwangu. Yule kaka akaenda akachuchumaa mbele ya shemeji yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani shemeji, ulilala lini?"

Mama Atupele akalia, mara ya kwanza tangu afiwe, na wanawake wakarudi mmoja mmoja kutoka kwenye mibuni wakamwingiza ndani alale.

Nimeapa simu yangu haitapiga kwaya msibani tena, nikialikwa au nisipoalikwa. Ila shingo kukabwa siyo aibu yenyewe. Nilimhoji yule mama asubuhi nzima, maswali kurasa na kurasa, na la usingizi halikuwemo.