Kozi Aliyeitwa Tena

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu huku Stockholm, mwanangu, ni siku Mzee Kizito alipokata vikamba vya miguuni mwa ndege wake, kozi, akamwacha aende. Keti, na usiangalie saa. Basi la Tumba halikosekani. Hadithi yenyewe haichekeshi. Nimekaa nayo tangu miaka ya themanini na nimeisimulia mara chache, kwa sababu kila nikiisimulia napandwa na hasira, na mtu wa umri wangu hapaswi kumkasirikia marehemu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilitoka Voi kuja kusomea uuguzi, na kabla Kiswidi changu hakijatosha kuingia darasani nikapata kazi ya mikono katika nyumba ya kutibu ndege, nje kidogo ya Tumba. Ndiyo, ndege. Nilipowaandikia nyumbani kwamba huku kuna hospitali ya ndege, mama yangu alidhani baridi imenipanda kichwani. Kwetu ndege wa namna ile walikuwa wezi wa vifaranga. Tukiwaona tunapiga makopo. Mwenye nyumba hii, mjane wa Kiswidi aitwaye Birgit, aliwapokea wakiwa wamevunjika mabawa au wamegongwa na magari, akawatibu mmoja mmoja. Aliongea kidogo, kahawa yake ilikuwa chungu kama shubiri, na sikuwahi kumwona akiharakisha jambo.

Mzee Kizito alikuwa mkono wake wa kulia. Alikuwa Mganda, zamani mlinzi wa wanyamapori kwao, akakimbia nchi wakati wa vurugu akiwa na shati alilovaa. Mkewe alibaki nyuma akafia huko, na Mzee hakuweza kwenda hata kumzika. Hawakujaliwa mtoto. Tuliishi jengo moja pale Fittja, yeye juu, mimi chini, na asubuhi tulisafiri pamoja kwenda kazini. Aliniita nyabo, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, hata nikiwa nimevaa aproni iliyojaa mavi ya ndege. Nilimpenda kama baba, hilo niliseme kabla sijaendelea.

Sasa kozi. Huyu ni ndege wa mawindo anayeshuka kutoka juu akiwa amekunja mabawa, na njiwa anayepigwa naye hana muda wa kujua kilichomuua. Miaka ile walikaribia kwisha huku. Sumu za mashambani ziliingia kwenye nafaka, zikaingia kwa ndege wadogo waliokula nafaka, na mwisho zikajaa mwilini mwa kozi aliyewala hao wadogo. Mayai yakawa yanatoka na maganda mepesi. Mama akiyalalia, yanapasuka chini yake. Kwa hiyo wakati wa majani kupukutika tulipoletewa jike mzima, mwenye umri wa kutaga, aliyegonga waya wa umeme, Birgit hakulala. Kwenye miamba ya ziwani, karibu na pale, hapakuwa na kiota cha kozi tangu nywele zake hazijaingia mvi. Alitaka jike huyu arudi kule akatage. Hicho ndicho kilichokuwa mikononi mwetu.

Bawa lilipona, lakini misuli ilikuwa imelegea, na kozi asiyeruka sawasawa hufa njaa. Ndiyo maana akafunzwa. Watu hudhani ndege kama huyu hufunzwa kwa mapenzi. Hufunzwa kwa njaa, mwanangu. Kila asubuhi Mzee Kizito alimweka kwenye mizani. Akiwa mzito, hapewi kitu. Akiwa mwepesi kiasi kinachotakiwa, anapelekwa uwanjani, anaachwa aruke, kisha Mzee anapiga mbinja na kuinua mkono wenye glavu ya ngozi, na kipande cha nyama kiko pale juu ya glavu. Umbali ukaongezwa kidogo kidogo mpaka kifua cha ndege kikajaa na pumzi ikarudi. Ni ujanja wa wawindaji wa zamani, ila sisi tuliutumia ili ndege apate nguvu za kwenda zake.

Halafu kuna sehemu ya pili, nayo ni ngumu kuliko ya kwanza: kufuta ulichofunza. Ndege analishwa mpaka ashibe kabisa, vikamba vinakatwa, na tangu hapo hakuna mbinja, hakuna glavu, hakuna sura ya mtu. Nyama inawekwa juu ya ubao mwambani wakati yeye hayupo, asijue inatoka wapi, ili asidhoofike kabla hajazoea kuwinda. Inapunguzwa taratibu mpaka inaisha. Haya yote alinifundisha Mzee Kizito mwenyewe. Alinikanya hata nisikohoe nikiwa karibu na ule ubao.

Basi tukamwachia mwishoni mwa majira ya baridi, ziwa bado lina barafu nyeusi. Mzee alikata vikamba kwa mkasi mdogo wa kucha. Kozi hakuondoka. Alikaa juu ya glavu akitazama huku na huku, mpaka Mzee akashusha mkono, ndipo akaruka akaenda kutua kwenye msonobari. Birgit akasema twende. Ndani ya treni ya kurudi Mzee aligeuza uso dirishani, na nikajua analia, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani. Nilimhurumia sana. Usidhani namsimulia huyu mtu kwa dharau.

Mambo yalikwenda vizuri. Nyama kwenye ubao ikaanza kubaki, maana yake anakamata yake mwenyewe. Kisha Birgit akaona kwa darubini dume amekuja, wawili hao wakizunguka juu ya mwamba na dume akimpa mwenzake mawindo angani. Siku hiyo yule mama alileta keki kazini. Alikata vipande vikubwa bila kusema kwa nini, na sisi tukala bila kuuliza, maana tulijua.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kwenda ziwani. Sikuwa nimefika mwambani niliposikia mbinja. Niliijua mara moja, kwa sababu kila mtu ana yake. Nikasimama nyuma ya miti. Mzee Kizito alikuwa kwenye uwazi, koti lake zuri la kanisani mwilini, glavu juu. Kozi akaja. Alishuka kutoka mbali akatua mkononi mwake kana kwamba hakuna kilichowahi kukatwa. Na Mzee akawa anazungumza naye Kiganda, taratibu, kama mtu anayemweleza mkewe habari za siku nzima.

Kwetu mtoto hamkemei mzee. Unashusha macho, unapita. Lakini miguu yangu ilinipeleka mpaka mbele yake, na kozi aliponiona akaruka.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaificha glavu kotini upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Alisema amemwona amekonda, anamwongezea tu. Nikamjibu kwamba nyama ya ubaoni haijaguswa, na kwamba ndege aliyekonda hawezi kuiacha nyama. Aliponijibu hakuwa na ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa nao.

"Nyabo, wewe uko na mama yako kule Voi anakungoja," alisema. "Mimi nani ananingoja? Huyu akisikia mimi, anakuja. Hakuna mtu mwingine dunia nzima anakuja."

Nilimsihi aache. Nikamwambia amweleze Birgit mwenyewe Jumatatu asubuhi, na asipomweleza, nitaeleza mimi, hata kama hatanisalimia tena ngazini mpaka afe. Akakubali. Akaniapia kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho. Naamini alikuwa akisema kweli.

Jumatatu tulipofika kazini tulimkuta mwanamume mgeni ameketi jikoni kwa Birgit, na mezani kuna mfuko. Alikuwa na kibustani ng'ambo ya ziwa, kimoja cha vile viwanja ambako watu wa magorofani hulima viazi na maua. Jumapili alikuwa akikata matawi ya mtufaha. Mbwa wake akapotelea vichakani, naye akapiga mbinja na kumpungia mkono, na mkononi alikuwa amevaa glavu za ngozi za kazi. Mjukuu wake mchanga alikuwa amelala kwenye kigari pembeni. Kitu kikashuka kutoka angani, kikubwa, makucha mbele, moja kwa moja kwake. Alidhani kinamfuata mtoto. Akashika sepetu akapiga.

Aliona pete ya namba tuliyomvisha mguuni, akauliza majirani, wakamwelekeza kwetu. Alirudia mara nyingi kwamba hakujua. Kwamba ndege hakukimbia, hata sepetu lilipokuwa linakuja hakukimbia. Birgit akamsogezea kikombe cha kahawa. Nani angemlaumu? Mimi ningefanya hivyo hivyo kwa ajili ya mtoto.

Mgeni alipoondoka, Birgit alimpasua kozi mezani. Ilikuwa desturi yake kwa kila ndege aliyekufa, kutafuta kama ana sumu. Ndani yake kulikuwa na yai lililokaribia kutagwa, limeshafunikwa ganda. Alilitoa akaliosha. Alilibonyeza kwa kidole gumba, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, nalo halikubonyea. Lilikuwa ganda gumu, zima, yai la namna aliyokuwa akiisubiri miaka yote ile. Akaliweka juu ya kitambaa akalitazama, na sisi tukamtazama yeye.

Mzee Kizito alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alieleza kila kitu kwa Kiswidi chake cha kuvunjika, bila kujitetea. Birgit alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza swali moja tu: je, ulipomwita, ndege alikuwa na njaa?

"Hapana," akasema Mzee. "Njaa ilikuwa yangu."

Birgit akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu sana, maji yakimwagika. Hakumfukuza. Naye hakungoja afukuzwe; alivua aproni, akaikunja vizuri, akaweka ufunguo juu yake, akatoka. Wiki chache zilizofuata yule dume alionekana bado akizunguka juu ya mwamba na mawindo miguuni, akiita. Baadaye naye hakuonekana tena. Miaka yote niliyobaki pale hakuna kozi mwingine aliyekuja kwenye ule mwamba.

Mzee alipata kazi ya kufua nguo katika hospitali moja. Tulisalimiana ngazini kama kawaida, lakini kwake sikukaribishwa tena, na sikujikaribisha. Mara moja tu alilitaja lile jambo. Nilikuwa nimempelekea chakula akiwa mgonjwa, akakaa na sahani mapajani bila kula, akasema kwamba kule porini kwao aliwafunga majangili wengi, na hakuna hata mmoja aliyemuua mnyama aliyemwamini. Nilitaka kumwambia ale chakula kabla hakijapoa. Nikaaga, nikashuka kwangu. Alifariki kabla majira mengine ya baridi hayajaisha, tukamzika sisi wachache wa kanisani, na ardhi ilikuwa ngumu hata mashine ya kuchimba ikalalamika.

Hasira yangu ni hii, mwanangu. Hakuwa mjinga. Hakuwa mkatili. Kanuni alizijua kwa kichwa, na aliniamini mimi kuzishika kuliko alivyojiamini yeye. Aliyemuua yule kozi ni upweke wa mtu mwema, na upweke huo sisi tuliokuwa tukisafiri naye kila siku tuliuona tukauita utulivu. Nilimlilia ndege, yeye nilikuwa nimechelewa kumlilia.

Kwa hiyo sikiliza. Siku moja utamwachia mtu: mtoto anayehama nyumba, mchumba aliyekuambia yamekwisha, mgonjwa uliyemuuguza akapona, ndugu anayerudi kwao. Utamtunza vizuri kwanza, utahakikisha anaweza kujilisha, halafu utamwacha kweli, si nusu. Kumwachia mtu nusu ni kumfundisha kuja kila anapoinuliwa mkono, na si kila mkono ni wako. Sisemi umsahau. Sisemi usipige simu. Binti yangu alipohamia Malmö kusoma nilitaka kumpigia kila jioni, nikawa najiuliza kwanza: nani ana njaa hapa, yeye au mimi? Jioni nyingi ilikuwa mimi. Basi nilivaa viatu nikaenda kubisha hodi kwa jirani, nikanywa chai na mtu mzima mwenzangu, nikamwacha msichana asome. Hilo ndilo Mzee Kizito alilokosa, na ndilo tulilomnyima. Ukiona mzee anakaa peke yake na anaonekana ametulia, usipite. Gonga mlango wake, hata kama hakukualika, na usiondoke mpaka amekula.

Haya, simama sasa, nimekuchelewesha vya kutosha. Mungu akupe watu wa kupenda, na akupe nguvu ya kufungua mkono siku yao ikifika. Awalinde huko waendako, na kama watarudi kwako, warudi wakiwa wameshiba.