Mama Birika na Mlango wa Gari

Mkahawa wa Mama Birika ulikuwa juu kabisa ya kilima, pale barabara inapomaliza kupanda na mwendesha baiskeli anapokuwa hana pumzi hata ya kuitikia salamu. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana la kutazama barabara. Sisi tuliokipanda kile kilima kila Jumamosi asubuhi tuliingia na jasho letu, naye akatutazama kama watoto waliorudi kutoka matopeni.

"Maji kwanza, kahawa baadaye," alikuwa akisema. "Sitaki mtu anizimikie hapa."

Hakupanga kuwa mtu wetu. Alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka mingi, na alipopunguzwa kazini alikodi kile chumba akitegemea wateja wa maofisini. Hao walipita na magari yao bila hata kugeuza shingo. Siku moja akaingia mwalimu wa hesabu, mikono imejaa grisi, cheni imemkatikia njiani, akaomba kitambaa. Akapewa kitambaa, akapewa sabuni, akapewa na kahawa ambayo hakuagiza. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akarudi na wenzake, na mimi nikiwa mmojawapo.

Basi tukazoeana. Mama Birika alituwekea pampu nyuma ya mlango, pamoja na gundi na viraka vya pancha. Alipovunjika mkono, tuliingia zamu ya kusaga kahawa na kuosha vikombe, na tuliosha vibaya, maana yeye alikaa kitini akitusema mpaka kikombe cha mwisho. Mwalimu hakuwa na mke wala mtoto. Alimwita Mama Birika dada, naye akamwita mdogo wangu, na kama Mwalimu hakuonekana Jumamosi, Mama Birika alipiga simu kabla jiko halijashika moto.

Kisha mwenye jengo, bibi mmoja mpole, akafariki, na mwanawe akachukua nafasi yake. Tulimwita Mrithi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee tuliyowahi kumwona akiifanya. Hakutaka kutuona. Alisema baiskeli zinalishusha jengo hadhi. Mbele ya mkahawa palikuwa na njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Wiki moja tukakuta imefutwa, na mahali pake pamekuwa maegesho ya magari, la kwanza likiwa la Mrithi mwenyewe. Nani aliruhusu? Mama Birika alikwenda manispaa kuuliza. Akazungushwa dirisha hadi dirisha, mwisho akaambiwa malalamiko yake yamepokelewa. Na kweli yalipokelewa, maana hayakutoka tena.

Jumamosi moja Mwalimu aliaga mapema, ana mitihani ya kusahihisha. Akapanda baiskeli mbele ya dirisha, akasukuma kwa mguu mmoja, na papo hapo mlango wa gari la Mrithi ukafunguka. Ulimpata ubavuni ukamtupa barabarani, na goti lake likatangulia lami.

Tulitoka mbio. Mrithi alishuka garini simu ikiwa bado sikioni, na ninaapa, hakumtazama aliyelala chini. Aliinama kwenye mlango wake, akapitisha kidole juu ya rangi.

"Mmeona alivyonikwaruzia?" akatuuliza.

Mama Birika alivua aproni, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha Mwalimu.

Gari la wagonjwa lilipomchukua Mwalimu, askari wa barabarani alikuwa amekwisha kufika, na amekwisha kupeana mkono na Mrithi. "Alikuwa anashuka kwa kasi," Mrithi alimweleza. "Hawa ndivyo walivyo." Halafu akamgeukia Mama Birika, kwa sauti ya upole kabisa. "Mama, wewe ulikuwa ndani, hukuona kitu. Au siyo?"

Kaka yake Mama Birika, aliyekuwa akimsaidia mkahawani, alimvuta mkono. "Dada, jengo ni lake. Nyamaza. Mwalimu tutamsaidia kwa njia nyingine."

"Njia gani?"

Mama Birika akauchomoa mkono wake, akamgeukia askari.

"Afande," alisema Mama Birika, "nilikuwa dirishani nampungia mkono. Mguu wa pili ulikuwa bado uko hewani, hiyo kasi aliitoa wapi? Huyu bwana alifungua mlango huku anaongea na simu, hakugeuka nyuma. Andika hivyo."

"Mama, hii ni ajali ya baiskeli tu. Watu huelewana."

"Aliyebebwa pale ni baiskeli?"

Askari akaandika. Mama Birika alimtaka amsomee alichoandika, na akamsahihisha mahali pawili.

Haukupita muda Mrithi akasema anakihitaji chumba chake kwa matumizi mengine. Mama Birika akampa kaka yake kazi ya kufunga vikombe kwenye mablanketi.

Tulimhamisha kwa baiskeli. Viti tulivifunga migongoni, meza tukazilaza kwenye mikokoteni ya kuvuta, jiko kubwa likashuka kilima taratibu, watu wanne wakilishikilia breki. Mrithi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemuaga. Chini, upande wa pili wa kilima, Mama Birika alikuwa amepata chumba kilichokuwa cha fundi cherehani, kidogo kuliko cha kwanza, na giza kidogo.

Kesi ilikwisha kwa faini, na Mrithi akaomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu! Goti la Mwalimu halikunjiki tena. Anafundisha ameketi, na Jumamosi huja mkahawani na fimbo, anasahihisha madaftari kwenye meza ya pembeni huku sisi tukijisifia safari ambazo yeye haendi tena. Wapo wanaomwambia Mama Birika ashukuru, mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi. Yeye huwaambia yalivyo mabaya yanamtosha.

Njia ya baiskeli hajaiachia. Alirudi manispaa mara nyingi peke yake, kisha tukaanza kumsindikiza. Jumatatu iliyopita karani alimwambia mkubwa hayupo. Mama Birika akasema atasubiri, akakaa kwenye benchi, na sisi tukajaza mabenchi yaliyobaki na sakafu pia. Mwalimu alipewa kiti. Kabla ya mchana mlango wa ndani ukafunguka na mkubwa akatoka. Kumbe alikuwemo muda wote. Alitutazama, akasema mstari utarudishwa, suala hilo liko kwenye mipango.

"Mwezi gani?" Mama Birika akamuuliza.

Mkubwa akautaja mwezi, mbele ya watu wote wale. Mama Birika alinyanyuka, akamsaidia Mwalimu kusimama, na njiani kurudi alikuwa bado ana hasira.