Restuta na hesabu zinazofika zimelala

Saa nne na nusu asubuhi, Lindi mjini, 2003. Restuta Eusebio, 44, amekodolea macho kompyuta ya duka la intaneti, kiganjani amefumbata korosho. Basi la kupitia Kiranjeranje linaondoka saa sita, na swali la saba bado halijakaa sawa.

Mwalimu Bakary, aliyekwenda masomoni Dar es Salaam, humtumia maswali ya hesabu kwa gumzo la mtandao. Shule aliyoiacha Kiranjeranje haina mwalimu mwingine wa somo hilo. Restuta huyachapa, kisha kondakta huwapelekea wanafunzi 38 wa kidato cha nne.

Tabu ni kwamba gumzo halijui juu wala chini. Kipeo hushuka mstarini, na sehemu, namba juu ya namba, hulazwa chali.

"Mwaka jana kipeo cha pili kilifika kimekaa kama mbili ya kawaida," anasema bila kuinua uso. "Nikachapa hivyohivyo. Watoto wakazidisha mara mbili, darasa zima likafeli jaribio. Binti mmoja, Mwanasha, akaacha shule. Naona aibu mpaka leo."

Restuta aliishia darasa la saba. Alikuwa mchapaji wa shirika la umma hadi miaka saba iliyopita, 1996, lilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazi. Vidole anavyo, hesabu hana. Basi kajitungia njia: mwalimu anaweka tatu mahali pa x na kumpa jibu, naye anapanga korosho kufuata alivyochapa. Tatu kwa kipeo cha pili ni safu tatu za korosho tatutatu. Zikitoka sita, kakosea.

Swali la saba limefika hivi: x + 12 / 3. Amechora mstari chini ya 12 peke yake. Korosho kumi na mbili, mafungu matatu, kila fungu nne. Ongeza tatu, saba.

"Mwalimu, mimi nina 7. Wewe je?" anaandika.

Anabonyeza kitufe tena na tena.

"Mtandao umekatika, mama," anasema Kornelio, mwenye duka. "Vuta subira."

"Basi halina subira, mwanangu." Anazihesabu korosho upya.

Saa tano na dakika arobaini jibu linaingia: "Shikamoo mama. Ni 5. Mstari upite chini ya vyote."

Anajumlisha tatu na kumi na mbili, anagawa mafungu matatu. Tano. Anaurefusha mstari kwa rula na kalamu nyeusi, anatoa nakala, anatimua mbio stendi.

Anarudi akihema, jasho limemlowesha kanga; kondakta kazipokea nakala. Januari, anasema, ataanza masomo ya jioni ya sekondari, ingawa wanawe wanamcheka.

"Leo mtandao umerudi," anasema akikusanya korosho. "Siku usiporudi, nataka nijue mwenyewe mstari unaishia wapi."