Gari la Mwisho Kupita Isecheno

Kama ulikuwa mtoto huku kwetu Kakamega miaka ya tisini ikiwa bado michanga, hukuhitaji redio ikuambie kwamba rali inakuja. Wiki mbili kabla ya Pasaka kila mtoto alikuwa amegeuka gari. Hatukutembea, tulinguruma. Ukitumwa chumvi dukani unatia gia mlangoni, unakata kona kwenye zizi la ng'ombe, na unarudi nusu ya chumvi imemwagika njiani. Wavulana walikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya ndala, na nyingi za ndala hizo bado zilikuwa na wenyewe. Mimi nilikuwa msichana, lakini nilikuwa na gari langu la mkebe wa mafuta ya kupikia, lenye vioo viwili vya pembeni. Hakuna mvulana wa Isecheno aliyekuwa na vioo. Wanangu hawaamini hata kidogo. Wanadhani nilizaliwa nikiwa mtu mzima, nikiwauliza kama wamemaliza kazi ya shule.

Chifu aliitisha baraza. Barabara yetu ya udongo mwekundu, ile inayotoka Khayega, ikapita Shinyalu na kuingia msituni kwetu, ingefungwa siku ya rali tangu asubuhi. Kila mtu afunge ng'ombe wake, mbuzi wake, mbwa wake na watoto wake, kwa mpangilio huo. Nyanya yetu mzaa baba, ambaye tulimwita Kukhu, alisimama akauliza kama na kuku wafungwe. Chifu alifikiri kidogo, akasema hasa kuku. Jioni hiyo Kukhu alizunguka uani na kamba za migomba, akiwafunga miguu mmoja mmoja na kuwaomba radhi kwa majina.

Shuleni nako hakukusomwa kitu. Mwalimu wetu alitundika ramani ya dunia ukutani tukatafuta nchi ambazo madereva walikuwa wanatoka. Mpaka leo naweza kukuonyesha Ufini nikiwa nimefumba macho.

Sasa, kabla sijafika kwenye magari yenyewe, nieleze kwa nini siku ile sikuitazama kama watoto wenzangu walivyoitazama. Baba alikuwa dereva wa trekta la kuvuta miwa kule Mayoni, upande wa Matungu. Zamani alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Halafu ikawa kila baada ya miezi miwili. Halafu Krismasi ikafika, mimi na mdogo wangu Enoka tukakaa tumevaa viatu mpaka jua likazama, na Baba hakuja. Watu hawakosi la kusema, nao walisema kwamba kule kwenye miwa kuna nyumba nyingine inayompikia. Mama hakuwahi kulijibu neno hilo mbele yetu. Kisha, Pasaka ilipokaribia, jirani yetu mmoja aliyekuwa akikata miwa kulekule alirudi na ujumbe. Baba atakuja siku ya rali. Tumngoje kwenye kona ya kuingilia msitu, atatazama magari pamoja nasi.

Furaha yangu haikuwa na mfano. Lakini siku mbili baadaye, nikiwa nyuma ya jiko nalipaka gari langu rangi ya mkaa, nilimsikia Mama akizungumza na Kukhu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, nilimngoja Krismasi," alimwambia Kukhu. "Nitamngoja na siku ya rali. Gari la mwisho likipita kama hajakuja, na mimi nachukua watoto naenda kwetu Butere."

 Nilisikia tu ufagio wa Kukhu ukifagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Siku ilipofika, ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilimwona Mama akikunja magauni yangu mengine mawili, kaptura za Enoka na sweta zetu za shule, akazitia ndani ya mfuko mkubwa wa safari. Juu yake akaweka viazi vitamu vilivyochemshwa na ingokho iliyofungwa kwa majani ya mgomba, ili anayeupita aone kuku na viazi tu. Enoka, aliyekuwa na miaka mitano na maswali yasiyo na mwisho, aliuliza kwa nini sweta ya shule inaenda rali. Mama akamwambia msituni kuna baridi. Mimi nilijua sweta zinaenda Butere.

Kona ilikuwa imejaa. Lazima uelewe kwamba sisi watu wa Isukha tulikuwa tunajua aina moja ya mashindano, nayo ni ya mafahali. Kwa hiyo watu walikuja kwenye rali kama wanavyokwenda kuona mafahali wakipigana: matawi mkononi, filimbi mdomoni, ngoma za isukuti begani, na kila mtu ameshachagua upande. Baba yetu mdogo, Shiundu, ambaye alikuwa na fahali wake wa kupigana na kwa hiyo alijiona mtaalamu wa mambo yote yenye nguvu, ndiye aliyekuwa akitueleza. Hakuwa ameona rali hata siku moja. Helikopta ilipotokea juu ya miti, tumbili wote wakakimbilia ndani ya msitu, naye akatangaza kwa utulivu kwamba hiyo ndiyo inayoongoza. Watu waliipigia makofi.

Mama aliketi kwenye nyasi juu ya ukingo, miguu ameinyoosha, mfuko kando yake. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi mchana mikono mitupu. Siku zote kulikuwa na mboga ya kuchambua, au mahindi ya kupukuchua, au kichwa changu cha kusuka. Wanawake walipita wakamwambia mulembe, akaitika. Mmoja akauliza huo mzigo unaenda wapi. Mama akasema ni chakula cha watoto.

Gari la kwanza tulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Msitu ulilibeba lile vumo, likaja linazama na kuibuka, mara liko karibu, mara halipo. Halafu likatokea ubavuubavu, matope yamelifunika mpaka madirishani, likanguruma mbele yetu kwa muda wa mtu kupiga chafya, likatoweka. Wiki mbili za kungoja, na ikawa hivyo. Sijui kwa nini, machozi yalinitoka.

Umati haukulia. Umati ulifanya kile ambacho umekuwa ukifanya tangu mababu: fahali akishinda, unamkimbilia na matawi na kumwimbia mpaka kwao. Basi watu wakaruka barabarani, isukuti ikalia, wakalifuata lile gari huku wanaimba. Polisi walipuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. Bahati nzuri gari la pili lilikuwa na kelele kama la kwanza, kila mtu akatumbukia mtaroni kwa wakati, na walipotoka mtaroni hukuweza kumtofautisha mzee wa kanisa na mtoto wa nasari.

Baba mdogo Shiundu alijipangusa akatoa hukumu. "Mshindi ashapita. Hawa wengine wanafuatanga tu. Twendeni tukale."

Kwa mtu wa mafahali hoja hiyo haina pingamizi. Aliyeshindwa hatazamwi, hupelekwa nyumbani kwa njia ya pembeni na watu huangalia kando. Kwa hiyo ngoma ikaondoka, na wengi wakaifuata. Gari la sita lilipopita tulikuwa tumebaki wachache: sisi watatu, polisi mmoja na baiskeli yake, na vijana wawili waliokuwa wanangoja mtu aanguke.

Mtoto mwingine angefurahi kupata nafasi ya mbele. Mimi nilianza kuhesabu kinyume. Nilikuwa nimeomba wiki mbili magari yaje haraka, sasa nikaomba yasiishe. Kila lililopita lilikuwa limechukua kitu changu. Nilipenda yale mabovu kuliko yote: moja lililopoteza boneti, jingine lililokuja polepole linatoa moshi huku dereva ametoa kichwa nje kama anayetafuta nyumba ya mtu. Niliwaombea pancha madereva ambao hawakunikosea lolote. Mungu anisamehe, niliomba wengine wazame kabisa, alimradi wachelewe.

Mama alitugawia viazi. Ile ingokho hakuifungua, na Enoka alipoiulizia aliambiwa bado. Nafasi kati ya gari na gari ikawa ndefu, ndege wakaanza kulia tena katikati. Kule juu ya msitu mawingu yalikuwa yanakusanyika, na huku kwetu mvua ya alasiri haisahau saa yake.

Mwishowe ikaja pikapu yenye bendera, wasimamizi wawili nyuma, wakipaza sauti kwamba barabara imefunguliwa. Polisi alitia filimbi mfukoni. Vijana wawili waliondoka.  Nilikaza macho kwenye nyasi nisimwangalie mtu, na nilikuwa na hakika kwamba Enoka atasema, naye akasema.

"Mama, hilo ndilo la mwisho."

Mama aliitazama barabara.

"Hilo si gari la rali," akasema. "Hilo ni la wasimamizi. Rali haijaisha."

Nilijua imeisha. Polisi pia alijua. Alimwangalia Mama, akaangalia mfuko, akapanda baiskeli yake bila kumsahihisha. Sijawahi kuupenda uongo kama nilivyoupenda ule.

Radi ilianza kunguruma, matone ya kwanza yakaanguka. Ndipo mtu akatokea kwenye kona, upande wa Shinyalu, anatembea katikati ya barabara. Alikuwa matope matupu kuanzia kofia hadi viatu, na Enoka akajificha nyuma ya Mama. Mimi niliutambua mwendo. Madereva wa trekta hutembea wamekunja goti la kushoto kidogo, kama wanaotafuta klachi. Nilikimbia, nikamkumbatia, na gauni langu la Pasaka likaharibika lote.

Alitueleza mimi na Enoka, si Mama, maana alikuwa bado hajathubutu kumtazama. Alitoka Mayoni kabla hakujakucha, lakini gari alilopanda lilikomea mjini Kakamega kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, akaja kwa miguu. Kuanzia Khayega, kila gari lilipokuja polisi walimpandisha ukingoni, na kila gari lilimmwagia sehemu yake ya matope. Hakuna mtu Kakamega nzima aliyeiona rali ile kuliko yeye.

Kisha akamgeukia Mama.

"Mulembe, Mama Khasandi," akasema, akimwita kwa jina langu.

"Mulembe."

"Kila gari lilikuwa linanipitanga, najua linakuja hapa mahali mko. Nikawa nasema, angalau hilo litafika."

"Zote zilifika," Mama akasema. "Wewe ndio wa mwisho."

Baba akainama aubebe mfuko. Uzito wake ulimshangaza, niliona bega likishuka. Mfuko wa viazi na kuku hauvuti bega la dereva wa trekta namna ile. Akasimama nao hivyo, akamtazama Mama, na Mama hakuangalia kando.  Tukaenda nyumbani, mvua ikitupiga, na Kukhu alipotuona kwa mbali wote wanne alianza kufungua kuku wake miguu bila kungoja tufike.

Sitasema Baba aligeuka malaika. Lakini tangu siku ile alikuja kila mwisho wa mwezi, mpaka alipoacha kazi ya miwa. Kama kulikuwa na nyumba nyingine kule, sikujua, na sasa amelala mahali pasipoulizwa maswali.

Siku hizi rali inafanyika Naivasha. Mwaka jana binti yangu alikwenda na wenzake, wamevaa miwani na kofia za aina moja. Alirudi na video nyingi kwenye simu, nikamuuliza nani alishinda. Akaniuliza alishinda nini. Nilizitazama zile video zote. Gari linapita, na vijana wote wameligeuzia mgongo ili waonekane nalo. Mchana mzima waliokaa huko, hata mmoja wao hakuwa na shaka mwenzake yuko wapi. Mtu akichelewa dakika kumi anapigiwa, anasema yuko karibu kufika, na nyuma ya sauti yake unasikia maji ya bafuni yakimwagika. Mimi mwenyewe nimekuwa hivyohivyo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa nikaangalia njia kwa ajili ya mtu, nisijue kama atatokea.

Mama sasa ni mzee, meno yamepungua lakini ulimi uko kamili. Krismasi iliyopita, tukiwa wawili tu jikoni, nilipata ujasiri wa kumuuliza kama kweli tungekwenda Butere siku ile.

"Kwa gari gani?" akaniuliza. "Gari la kwenda mjini lilikuwa linapitanga mara moja tu, alfajiri. Likienda, hakuna lingine mpaka kesho yake. Siku hiyo nililisikia hapo barabarani likipiga honi, likaningojea hata. Nikaendelea kumenya viazi."