Helju Rand na Daktari wa Majina ya Samaki

Helju Rand alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akipasua samaki katika kibanda cha ushirika, kijijini kwao kisiwani Saaremaa. Aliowadharau walikuwa wengi: wenyeviti, wahubiri, wapwa zake wa mji mkuu, Tallinn. Lakini hakumdharau mtu kama alivyomdharau Daktari Vambola Tiks, aliyefika Januari moja kutoka chuo kikuu cha Tartu, na daftari lake, na viatu visivyowahi kukanyaga magamba.

Tiks alisema amekuja kukusanya majina ya samaki. Badala ya kuuliza, akafundisha.

"Neno lenu noot, yaani juya, lilitoka kwa makabila ya kale ya Kijerumani. Tursk, jina la chewa, mmelichukua kwa Waswidi. Hata lõhe, samoni wenu, jina ni la majirani wa kusini."

"Kwa hiyo babu yangu alikuwa akiomba samaki kwa ishara, mpaka Mswidi alipomhurumia?" Helju aliuliza bila kuinua kichwa.

Daktari hakucheka. Alimwonyesha kwa kidole samaki mmoja mrefu, mwenye utelezi. "Na huyu emakala, samaki-mama. Naona zamani mlimwabudu, mungu wa kike wa bahari. Nimeshaandika kurasa tatu."

"Tatu?"

"Na nusu."

Helju akamchukua yule samaki, akampasua tumbo, akamkung'uta juu ya daftari. Vitoto vyembamba kama sindano vikamwagika, vikijinyonganyonga kwenye wino.

"Hatagi, baba. Anazaa. Hapa hata wa chekechea anajua."

Baada ya miaka mitano Tiks alirudi na kitabu, akaketi jikoni kwa Helju akingojea kahawa. Helju alivaa miwani, akautafuta ukurasa wa emakala. Palikuwa pameandikwa: "Mwandishi aligundua kwamba samaki huyu huzaa, na hiyo ndiyo asili ya jina lake."

"Uligundua?"

"Ni lugha ya kitaalamu tu, mama."

"Mimi nilidhani ni ya wezi."

Akamsukumia kalamu. Tiks, masikio yamemwiva, akakata neno "mwandishi", akaandika juu yake: Helju Rand, mpasua samaki.

Nakala nyingine zote zilikuwa zimeshatoka na neno lile lile "mwandishi". Helju alilijua hilo, na lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kahawa hakumpa. Alipokwisha kumfungia mlango, alimwambia jirani yake kwamba kitabu kizima kina neno moja la kweli, nalo limeandikwa kwa kulazimishwa.