Rosta ya Pasta Gerishom

Kila Jumatano saa kumi jioni, simu thelathini na moja hulia kwa mpigo mmoja sehemu mbalimbali za Dubai. Moja hulia mfukoni mwa mtu aliyesimama mbele ya duka la dhahabu, nyingine chini ya mto kule kambini, nyingine ukingoni mwa beseni la nguo. Hiyo ni rosta ya siku saba zinazofuata, na anayeituma ni Gerishom Amukoya, msimamizi wa walinzi, mtu wa Vihiga, mfupi, mwenye sauti ya upole ambayo huwezi kudhani inaweza kumnyima mtu kitu.

Wiki tano mfululizo, mstari mmoja wa rosta hiyo haukubadilika. Hudson Liyayi, Ijumaa, geti la yadi ya makontena, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Wenzake walimwambia ni bahati mbaya tu. Hudson alijua si bahati.

Ijumaa ndiyo siku ya kanisa lao. Maofisi siku hizi yanapumzika Jumamosi na Jumapili, lakini maisha ya mlinzi na ya mfanyakazi wa ndani hayapangwi na maofisi. Kwa hiyo Wakenya na Waganda kama sitini hukutana Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa hoteli ndogo huko Naif, orofa ya pili, juu ya duka la masanduku ya safari. Wana saa tatu tu. Ikigonga saa sita Wafilipino wameshafika mlangoni na magitaa yao, na yalla, tokeni. Kwa miaka sita mchungaji wao alikuwa huyuhuyu Gerishom. Alikuwa amewekewa mikono kwao kabla hajaja kulinda milango ya watu, na kola yake nyeupe aliikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye chupa ya dawa ya kufulia, kwa sababu ile ya dukani ilimkaba.

Mwezi wa tatu mambo yalibadilika. Wazee wa kanisa walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Hudson. Baada ya matangazo alisimama, akasema mbele ya wote kwamba pasta wao hajaoa kwa sababu hapendi wanawake, anapenda wanaume, na kama ni uongo basi akane hapohapo.

Lifti ilisikika ikipanda. Watu walimkodolea Gerishom macho, na ungeona kabisa kwamba wengi walikuwa wakimwomba kimoyomoyo akane. Neno moja tu, halafu waende kula.

"Ni kweli," Gerishom akasema. "Ndivyo nilivyo tangu utoto. Na tangu nimekuwa mchungaji wenu nimekuwa hivyohivyo. Sasa tufungue Zaburi."

Hakuna aliyefungua. Hudson alinyoosha mkono akidai kola.

"Chukua," Gerishom alimwambia, akiichomoa shingoni. "Chupa ya dawa ya kufulia hiyo. Ukitaka nyingine nitakukatia."

Lakini kuvuliwa kola siko kulikomuunguza. Kilichomuunguza ni Rashidiya. Miaka minne nyuma, yeye na Hudson walikuwa wakilala chumba kimoja Rashidiya, Hudson kitanda cha juu, Gerishom cha chini. Siku moja wakila ugali, Gerishom alimweleza rafiki yake jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Hudson aliendelea kutafuna. Akameza, akasema, "Hiyo ni yako na Mungu. Mimi nitakula mkate mkononi mwako mpaka nizeeke." Na aliula kweli, miaka minne. Kisha binamu yake Isaiah akaja Dubai na cheti cha chuo cha Biblia, akitafuta kanisa la kuongoza, na ndipo Hudson alipokumbuka kuchukizwa.

Utauliza kwa nini basi Hudson asimchome Gerishom kwa kampuni, maana katika mji huu neno lile halisemwi kwa sauti, na ungemkuta mtu kesho yake uwanja wa ndege na mkoba mmoja. Hakuthubutu. Angeulizwa amelijulia wapi, na jibu lingewafikisha watu mpaka kwenye ule ukumbi wa hoteli, ambao hauna kibali cha ibada. Wote wawili walikuwa wameshikana ndevu.

Gerishom akatafuta pa kubana, akapapata kwenye kanuni ya kanisa. Hudson mwenyewe ndiye aliyeiandika, akaibandika ukutani kwa gundi: bila wazee wote watatu kusimama, hakuna mkate, hakuna kikombe, hakuna ubatizo. Hata mzee mpya hawezi kuwekwa bila hao watatu. Alidhani anajenga boma. Hakufikiria anayepanga Ijumaa zake ni nani.

Kwa hiyo kila Ijumaa Gerishom alikwenda kanisani, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Watu wachache walimpa mkono, wengine walijifanya wanatafuta ukurasa. Naye alisubiri. Isaiah, ambaye sasa ndiye aliyeongoza ibada, alipofika mahali pa kusema, "Leo meza ya Bwana haitakuwepo, wazee hawajatimia," Gerishom alihisi utamu unashuka kooni kama halua, akainamisha kichwa watu wadhani anaomba.

Wiki ya tano Hudson alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Sir, naomba Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Yoyote, sir."

"Miezi mitatu hujaniita jina lolote," Gerishom alisema. "Nimefurahi kusikia sauti yako, Mzee Hudson."

"Kanisa linakufa. Wiki ya tano hii hatujamega mkate. Isaiah akihubiri watu wanaangalia saa."

"Si kuna kanuni? Ifuateni."

"Wewe ni mtu wa kisasi, Gerishom."

"Ndiyo. Na hilo pia nimelikiri waziwazi, umeona? Mimi sifichi kitu."

Hudson alizungusha kofia vidoleni. Gerishom akasogeza kiti mbele.

"Nitakupa Ijumaa zote mpaka mwaka uishe. Simama pale mbele, useme ulichoniambia Rashidiya. Sema ulijua miaka minne, na mkate ukala."

"Siwezi. Wataniuliza nilikuwa nafanya nini chumba kimoja na wewe."

"Ulikuwa unakula ugali wangu."

"Na kiyoyozi cha kule getini kimekufa," Hudson alisema. "Nimeandika mara tatu."

"Nami nimesoma mara tatu. Usisahau kofia."

Ijumaa iliyofuata, ibada ilipokwisha tena bila mkate, Jovia alimsubiri Gerishom chini ya ngazi, kati ya masanduku ya safari yaliyopangwa nje ya duka. Jovia ni Mganda, anafanya kazi ya ndani Rashidiya, na madam wake humpa Ijumaa moja kwa mwezi. Ndiye peke yake aliyekuwa bado akimwita Gerishom pasta bila kuangalia nyuma kwanza.

"Pasta, bambi," alianza, kwa lile neno la kwao la kuombea huruma. "Mkataba wangu umekwisha. Madam amenipa Ijumaa ijayo niage watu, halafu naenda nyumbani Masaka."

"Nimesikia. Tutakukosa."

"Miezi minane umenifundisha kwa simu nikipiga pasi. Zile sauti zako madam alidhani ni redio. Mara mbili nimekuja na nguo nyeupe kwenye mfuko, nabatizwa leo, nabatizwa leo, na mara mbili nimerudi nayo kavu. Kwetu wataniambia nianze darasa upya. Mimi nataka maji ya hapa, mbele ya watu wa hapa. Usipomwaga wewe, amwage yeyote."

Gerishom alisogeza sanduku moja kando kwa mguu.

"Huyu bosi wa Mzee Hudson ni mtu gani?" Jovia aliuliza. "Hana Mungu? Mtu gani anamfunga mzee wa kanisa kila Ijumaa?"

"Namjua," Gerishom alisema. "Ni mgumu."

"Basi muombee, Pasta. Moyo wake ulainike hata siku moja tu."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka haraka mpaka akakosea njia ya kituo cha metro, njia aliyoipita miaka sita.

Jumatatu na Jumanne hakuigusa rosta. Walinzi wawili walikuwa likizo, mmoja alikuwa na mguu uliovimba, na geti la makontena halikubali kuachwa bila mlinzi hata dakika moja. Jumatano saa kumi simu thelathini na moja zililia. Hudson Liyayi, Ijumaa, mapumziko. Geti la yadi ya makontena, G. Amukoya.

Hudson alijibu kwa alama ya kuuliza tu.

"Ni ya Jovia," Gerishom alimwandikia. "Nendeni mkambatize."

Ijumaa saa tatu asubuhi shati la Gerishom lilikuwa limeshanata mgongoni. Kibanda kile ni bati na kioo. Hudson alikuwa amebandika makaratasi ya maboksi upande wa jua na kuacha taulo kwenye msumari, la kulowesha. Maji ya chupa yalikuwa moto kama chai iliyokosa majani. Gerishom alikaa kwenye kiti cha Hudson akajaribu kumwonea huruma. Huruma ilikuja, lakini kidogo, na ikakaa mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Saa saba ujumbe wa sauti wa Jovia uliingia, nyuma yake makelele na magitaa ya Wafilipino.

"Pasta, nimelowa mpaka kwenye viatu. Isaiah alimwaga jagi zima. Waliponiuliza nani alinifundisha, nikataja jina lako, kwa sauti. Watu wakaangaliana. Halafu mama mmoja kule nyuma akasema amina."

Aliusikiliza mara mbili, akatabasamu peke yake kibandani, kisha akaandika, "Na Mzee Hudson?"

"Huyo alifunga ibada kwa maombi," Jovia alijibu. "Maombi marefu, bambi. Aliombea kila mtu, mpaka rubani wa ndege yangu. Wewe hakukutaja."

Gerishom aliloweka taulo la Hudson, akalifunga shingoni pale kola ilipokuwa ikikaa. Akampigia Nasifu, fundi wa kampuni.

"Njoo utengeneze kiyoyozi cha geti la makontena. Leo."

"Boss, si ulisema kisubiri?"

"Leo, Nasifu. Ubongo wa mtu utaiva humu ndani."

Alikata simu, akafungua rosta ya wiki ijayo. Lori lilikuwa linapiga honi nje, akaliinulia mkono lingoje.

"Kiyoyozi nitamtengenezea," aliliambia lile boksi la kioo. "Ijumaa simpi."

Akaandika: Hudson Liyayi, Ijumaa, geti la yadi ya makontena. Kisha akatoka kulifungulia lori.