Randa Iliyoanza Yenyewe

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Isingiro, mwanangu, nilipoiona randa ya umeme ikitembea juu ya ubao bila mkono wa mtu. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na tayari watu waliniletea redio na pasi mbovu wakiniita fundi. Sifa ile ilinilevya kidogo, sikufichi.

Shemeji yangu Deo, mdogo wa mume wangu, alikuwa seremala. Randa aliinunua kwa Ma Anastazia, mjane wa seremala mwenzake aliyefariki msimu wa kahawa uliotangulia. Ilipogoma akaniletea. Ndani nikakuta kidude cheusi chenye miguu mitatu kimeungua. Ndicho kinachofungua na kufunga njia ya umeme unaokwenda kwenye mota. Kupata kingine ingebidi niende Kayanga, safari ya siku nzima. Nyumbani nilikuwa na kimoja nilichokitoa kwenye swichi ya kupunguzia mwanga wa taa. Umbo lile lile, miguu ile ile. Namba zake sikuzisoma. Nikakichomelea, randa ikalia vizuri, Deo akanisifu.

Siku ya tatu akarudi, uso umemshuka.

"Shemeji, ile mashine inaanza yenyewe. Niliiweka chini, nikageuka kupima mbao, nikaisikia nyuma yangu."

Nikaenda naye karakana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, ng'ambo ya njia huoni kitu. Jenereta ilikuwa inaunguruma nje. Deo akaranda ubao mmoja, akaachia swichi, akaiacha randa juu ya ubao. Ikanyamaza. Tukasimama mlangoni tukiitazama. Baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai hivi, ikakohoa mara moja. Kisha ikaanza kuzunguka, polepole, ikajikokota huku ikiacha maranda membamba, kama mtu anayemalizia kazi yake. Ilipofika ukingoni ikaanguka, ikaendelea kuzunguka sakafuni mpaka Deo alipokimbia kuzima jenereta.

"Ni marehemu," akasema kwa sauti ya chini. "Anataka mashine yake."

Mwanangu, nilijua palepale. Kidude changu kilikuwa dhaifu kwa mota ile. Kikipata moto kinavujisha umeme hata swichi ikiwa imeachiwa, na kuvuja huko kunazidi kukipasha moto mpaka mota inaanza. Nilijua, nikanyamaza. Niliona heri asingiziwe marehemu kuliko mimi niitwe fundi mbovu.

Habari ikasambaa. Wanawake wakaacha kwenda kisimani na Ma Anastazia. Kanisani akabaki peke yake kwenye benchi. Wengine wakanong'ona kwamba ndiye anayemtuma mumewe.

Wiki ilipoisha akaja kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Wanasema mume wangu anarudi asubuhi kufanya kazi," akasema. "Yule mtu hakuwahi kushika kazi kabla ya kunywa chai yangu." Akaniangalia. "Wewe ndiye uliyeifungua mashine mara ya mwisho. Uliweka nini mle ndani?"

Nikamweleza yote.

"Basi kawaambie," akasema. "Mimi nikisema hawataniamini."

Kesho yake nilikwenda Kayanga, nikanunua kidude chenye namba sawasawa na cha zamani, nikakifunga ndani ya randa mbele ya watu na kusema kosa ni langu. Randa haikuanza tena yenyewe. Lakini wapo walionisikiliza, wakatikisa kichwa kukubali, na bado wakimwona yule mama walivuka upande wa pili wa njia, hadi alipohamia kwa binti yake kule Chonyonyo. Kuna hofu niliyoiacha ikae ndani ya watu kwa wiki nzima, na sikuweza kuitoa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukibadilisha kifaa soma namba zake, usiridhike na umbo. Kama huna kinachofaa, mwambie mwenye mashine asubiri. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayeshika ulichokitengeneza arudi kwake jioni akiwa mzima.